Taarifa Isiyo na Kosa

Nchi ninayoisimulia hapa haipakani na yetu, kwa hiyo msomaji asihangaike kutafuta ramani. Ni nchi yenye amani. Ina bendera, ina wimbo, ina magereza yaliyojengwa kwa mkopo nafuu, na Rais wake huitwa Mlezi, kwa sababu amekaa madarakani muda mrefu hata neno rais likaonekana dogo.

Mwaka mmoja mvua ilikataa katika mikoa ya kusini. Mlezi alikuwa amealikwa ng'ambo kwenye mkutano wa mataifa tajiri, akaandikiwa hotuba kwa Kiingereza. Mwanzoni kabisa palikuwa na sentensi iliyokusudiwa kuwaambia wakubwa kwamba hapana njaa nchini kwake. Mwandishi wa hotuba, kwa uchovu au kwa uchungu, hatujui, akaweka mkato baada ya neno la kwanza. Mlezi ni msomaji mtiifu. Alipoufikia mkato akapumua, akanywa maji, kisha akaendelea. Ukumbi mzima ukasikia: "Hapana. Njaa nchini kwangu."

Wajumbe wakainua vichwa. Jioni hiyo habari ilikuwa kwenye televisheni zote, pamoja na picha za mifupa ya ng'ombe ambazo hakuna aliyejua zilipigwa lini na nani.

Mlezi alirudi amekasirika, akaliuliza Baraza la Mawaziri tatizo ni nini. Waziri wa Kilimo alifungua mdomo azungumzie mvua. Waziri wa Elimu, Daktari Lusekwa, akamuwahi.

"Mtukufu Mlezi, tatizo ni mkato."

Baraza zima likashusha pumzi. Walikuwa wameogopa kwamba tatizo ni njaa.

Ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Kiingereza Sanifu, na Daktari Lusekwa akawa waziri wake. Mwandishi wa hotuba alipelekwa kupumzika, na mpaka leo anapumzika huko huko. Sheria ya wizara ilikuwa fupi. Kila taarifa, ombi au lalamiko kwa serikali liandikwe kwa Kiingereza. Likiwa na kosa lolote la sarufi, la alama au la mtindo, litarudishwa, na jambo lililoandikwa humo litahesabiwa kuwa halijatokea. Lakini taarifa ikiwa haina kosa hata moja, sharti isomwe na Mlezi mwenyewe. Kifungu hiki cha mwisho kiliwekwa kwa ajili ya urembo. Hakuna aliyetarajia kwamba kingetumika.

*

Wilaya ya Nyambwiga, iliyoko kusini, ilipewa Msahihishaji aitwaye Longino Kasembe. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari ya hapo hapo, mtu mrefu, mpole, mwenye koti moja la kahawia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha watoto wa wakulima mahali pa kuweka mkato bila yeyote kumshukuru. Sasa serikali nzima ilikuwa imekubaliana naye. Alipewa ofisi, kalamu nyekundu za kutosha, na nyumba yenye bomba la maji ndani. Mke wake, Edina, alilifungua bomba lile, akalifunga, akalifungua tena, akacheka peke yake jikoni.

"Unaona?" Kasembe alimwambia. "Mtu akiandika sawasawa, anasikika. Ndicho nilichokuwa nikisema siku zote."

Nawaomba msimcheke. Aliamini hivyo kwa moyo safi, na mimi mwenyewe ningependa kuamini.

Aliyemletea kazi ya kwanza ya maana alikuwa Bi Havijawa, mtendaji wa kata ya Lwanzari, mwanamke wa makamo aliyekuja amepakiwa nyuma ya lori la chumvi. Nywele zake na nyusi zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Aliweka karatasi mezani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," Kasembe alisema.

"Marahaba, Mwalimu. Nimeleta habari za kwetu. Si nzuri."

Kasembe akasoma. Mahindi yamekauka. Visima vimekauka. Watu wanakula mizizi ya porini. Wazee wanakufa na watoto wanakufa.

"Nani ameandika?"

"Binti yangu, Siwatu. Ulimfundisha."

"Siwatu! Yule hodari wa insha?"

"Huyo huyo. Ameolewa sasa, ana mimba."

Kasembe akatabasamu kama mwalimu yeyote anayekumbuka mwanafunzi mzuri, kisha akachukua kalamu nyekundu. Alisahihisha kwa upendo. Alimweleza Bi Havijawa kila alichobadilisha, naye akaitikia kwa kichwa bila kuelewa, macho yake yakiwa kwenye sahani ya karanga iliyokuwa dirishani. Kasembe alipoona hivyo akamsogezea sahani. Alikula chache, nyingine akazifunga kwenye pindo la kanga.

Taarifa ilikwenda makao makuu, ikarudi. Wizara ilikuwa imeona kwamba nomino moja imekosa kile kineno kidogo ambacho Waingereza hupenda kukitanguliza mbele ya nomino zao, na ambacho sisi tumezaliwa, tumeoana na tumezikana bila kukihitaji. Chini palipigwa muhuri: Halijatokea.

"Halijatokea lipi?" Bi Havijawa aliuliza aliporudi.

"Njaa, mama. Kiserikali."

"Na wale tuliowazika?"

Kasembe alijikuna shingo. "Hao wanasubiri marekebisho."

Wakarekebisha. Ikarudi kwa sababu ya nukta mkato. Wakarekebisha. Ikarudi kwa sababu kitenzi cha kufa kilikuwa kimerudiwa mno, na Wizara ikashauri kwamba mwandishi mzuri hutaja jambo mara moja tu, kisha humwachia msomaji akili yake. Kila mara Bi Havijawa alipokuja alikuwa amepungua, na kila mara vifo vilikuwa vimezidi, jambo lililosumbua sana sarufi, maana taarifa haikukaa na maneno yale yale muda wa kutosha kusahihishwa.

*

Wizara haikukaa kimya. Ilipoona taarifa za kusini zinazidi kuwa mbaya, kimtindo, iliandaa semina. Watendaji wote wa kata waliitwa katika hoteli ya serikali pale wilayani, na mkaguzi akashuka kutoka makao makuu katika gari lenye mapazia. Aliitwa Ndugu Shimbwi. Alikuwa na sauti tamu na vidole safi sana.

Kifungua kinywa kilikuwa supu ya kuku, mayai, maandazi na maji ya matunda. Watendaji waliotoka katika kata zenye njaa walikula wakiwa wameinamisha vichwa, bila kuzungumza, kama watu walio msikitini. Ndugu Shimbwi akasimama kufundisha kwa Kiingereza, na Kasembe akiwa amekaa nyuma aliwanong'onezea maana yake.

"Mnaandika kwamba watu wanakufa," Ndugu Shimbwi alisema. "Huo ni wakati unaoendelea. Jambo linaloendelea humtia msomaji wasiwasi. Andikeni: wamekufa. Limetimia, limekwisha, na msomaji anaweza kwenda kulala. Pili, nafaka. Kwa Kiingereza nafaka ni nomino isiyohesabika. Nanyi mnaandika kiasi kilichopungua! Mtu anahesabuje kisichohesabika?"

Bi Havijawa alinyoosha mkono. "Tunahesabu magunia, mheshimiwa."

Kasembe akatafsiri. Ndugu Shimbwi akafurahi kwa dhati, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mwerevu.

"Sahihi kabisa! Gunia linahesabika. Basi ombeni magunia."

Wakaomba magunia. Ombi la Lwanzari liliandikwa pale pale, mkaguzi mwenyewe akalipitia, na kwa mara ya kwanza likawa halina kosa linalohusu nomino. Kwa kuwa lilikuwa ombi tu, si taarifa, Ndugu Shimbwi alikuwa na uwezo wa kulipitisha bila kulipeleka juu. Watendaji walipiga makofi. Wengine walilia.

Wakati wa kutoka, mkaguzi alimwona Bi Havijawa ameficha maandazi ndani ya kanga.

"Mama," alisema kwa upole, safari hii kwa Kiswahili, "chakula cha semina ni cha semina."

Bi Havijawa aliyarudisha kwenye sinia, moja moja, mbele ya watu wote. Kasembe alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia viatu vyake.

*

Magunia yalifika. Kasembe, kwa furaha, aliomba apande lile lori apate kuyakabidhi mwenyewe. Huko njiani, lori liliporuka kwenye korongo na magunia yakaruka nalo kama manyoya, ndipo alipopanda nyuma kuangalia. Yalikuwa mapya, imara, yenye jina la Wizara kwa rangi ya buluu. Ndani hayakuwa na kitu. Nchi ile hujibu kile kilichoombwa.

Dereva alikuwa anajua tangu mwanzo. "Mimi nilidhani unajua, Mwalimu," alisema. "Wewe si ndiye mwenye Kiingereza?"

Lwanzari hapakuwa na mbuzi, hapakuwa na kuku, hapakuwa na moshi. Watu waliokuwa wamekaa vibarazani hawakuinuka kumpokea mgeni, na hapo Kasembe alielewa mengi kuliko alivyoelewa katika taarifa zote alizosahihisha, kwa sababu kule kwao hata mgonjwa huinuka. Wanaume wachache walilisogelea lori, wakapanda, wakatazama, wakashuka. Bi Havijawa alimshika Kasembe mkono, akamwongoza nyumbani kwake.

Siwatu alikuwa amelala kwenye mkeka. Kasembe alimtambua kwa macho tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Usiinuke."

"Siwezi kuinuka." Alikusanya pumzi. "Mwalimu, ile ya mwisho nilikosea wapi?"

Kasembe alikaa chini sakafuni na koti lake. "Hukukosea."

"Ilirudi."

"Ilirudi, ndiyo. Lakini hukukosea."

"Basi mimi sielewi," Siwatu alisema, na kwa kweli alionekana anafikiri, kama zamani darasani. "Kila siku ulituambia, ikirudi kuna kosa."

Kando yake palikuwa na kifurushi kidogo kilichofunikwa kitenge. Kasembe alikuwa amekiona tangu alipoingia, na alikuwa akijitahidi kutokiona. Mtoto alikuwa amezaliwa juzi. Hakuwa amepewa jina. Jioni wanaume wawili walikuja na gunia moja jipya, kwa sababu sanda ilikuwa imeadimika Lwanzari na Wizara haikuwa imeitaja sanda katika semina. Gunia lilikuwa kubwa mno kwa mwili ule, wakalikunja mara mbili. Jina la Wizara likabaki juu. Kasembe alilisoma, kwa mazoea. Lilikuwa limeandikwa bila kosa.

*

Aliporudi nyumbani hakula. Aliketi mezani akaandika mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, taarifa ya Lwanzari. Aliandika kila alichokiona: vibaraza, lori, Siwatu, gunia lililokunjwa. Hakuacha neno kwa kuogopa, wala hakuongeza neno kwa hasira. Kila sentensi aliipima, akaivunja, akaijenga upya, mpaka mkato wa mwisho ukakaa mahali pake. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizopata kuzifanya, na alijichukia kidogo alipojikuta anaifurahia.

Edina alisoma kidogo, akaiweka chini. "Watatutoa katika nyumba hii."

"Huenda."

"Wakitutoa tu, nitashukuru," alisema Edina, akaenda kujaza ndoo zote maji.

Makao makuu walipoipokea taarifa hiyo walimkabidhi kijana wa zamu aitafutie kosa. Hakuliona. Akampelekea mkuu wake, ambaye hakuliona, akampelekea Ndugu Shimbwi, ambaye aliisoma mara ya pili akiwa amesimama. Ilipofika kwa Daktari Lusekwa, waziri aliwafungia maprofesa wote wa Kiingereza katika ukumbi mmoja na kuwaagizia chakula cha mchana, kisha cha jioni. Profesa mmoja mzee alitoka nje akiwa analia. Alipoulizwa kama amepata kosa, alijibu kwamba hapana, ameielewa.

Daktari Lusekwa akafikiri kama kiongozi. Kama taarifa haina kosa, alisema, basi kosa liko kwa aliyeandika. Mtumishi wa wilaya hawezi kuandika hivi peke yake. Ama ameiba, ama ametumwa na maadui, ama ana ufasaha unaozidi cheo chake. Kasembe akakamatwa akiwa ofisini, kalamu nyekundu bado mkononi, na ikachukuliwa kama kielelezo.

Kabla ya kesi, Ndugu Shimbwi alimtembelea mahabusu, akaketi karibu naye kwa upole ule ule.

"Mwalimu, hakuna anayekutakia mabaya. Tuonyeshe kosa moja tu katika taarifa yako. Dogo tu. Ukilionyesha, taarifa itarudi kama nyingine, nawe utarudi kwa mama watoto."

"Hakuna kosa."

"Liweke basi! Wewe ndiye mtaalamu."

Edina aliletwa, akaambiwa amshawishi mumewe. "Mkato mmoja tu, baba," alimwambia kwa sauti ndogo. "Wanataka mkato mmoja."

"Nikiwapa mkato, mama, Lwanzari itapigwa muhuri ule: Halijatokea." Alimshika vidole kupitia nondo. "Yule mtoto naye: Halijatokea. Unanielewa?"

"Nakuelewa," Edina alisema. "Ndiyo maana nalia."

Hakimu alimtia hatiani. Katika hukumu yake ndefu alieleza kwamba Mahakama imeipitia taarifa neno kwa neno na kujiridhisha kuwa ni kamilifu, na kwamba ukamilifu huo ndio uthibitisho wa hatia. Akamfunga miaka mingi. Hakimu alikuwa mtu makini, hakupenda kuacha jambo nusu. Akaongeza kwamba, kwa vile Mahakama imethibitisha taarifa haina kosa, sheria inataka isomwe na Mlezi. Daktari Lusekwa alisimama apinge, akakumbuka kwamba sheria hiyo ameiandika mwenyewe, akaketi.

*

Mlezi aliisoma taarifa, na wanaosimulia wanaapa kwamba machozi yalimtoka. Alisema hajawahi kuona Kiingereza kama kile kutoka kwa mwananchi wake yeyote. Aliagiza itiwe katika vitabu vya sekondari, wanafunzi waikariri, na ipewe Kombe la Taifa la Uandishi. Juu ya chakula hakuagiza kitu. Watu wa karibu yake wanasema hakuombwa: taarifa ilieleza tu, na Kasembe, kwa kuwa alikuwa akifuata kanuni za taarifa, hakuchanganya maelezo na ombi.

Kwa kuwa mwandishi alikuwa gerezani, na si vizuri mfungwa kupeana mkono na Mlezi, aliitwa mtendaji wa kata iliyotajwa. Bi Havijawa alivishwa gauni la kuazima, akaketishwa mbele. Taarifa ikasomwa jukwaani na mwigizaji mashuhuri, kwa Kiingereza. Kisha akakabidhiwa kombe lililosemekana ni la fedha, lenye mikono miwili, kubwa kama sufuria la harusini, akapigwa picha nalo.

Mtangazaji akamwinamia na kipaza sauti. "Mama, sema neno moja tu kwa Taifa."

"Mmesikia yaliyosomwa?" Bi Havijawa aliuliza.

Mkalimani akatafsiri kwamba mama ana furaha isiyo na kifani. Ukumbi ukapiga makofi.

Kesho yake alipita gerezani kabla ya kupanda lori la kurudi kwao. Askari alilikagua kombe ndani na nje, akakataa lisiingie, kwa hiyo wakaongea dirishani, yeye akiwa amelishikilia kiunoni kama mtoto. Kasembe alikuwa amekonda, lakini Bi Havijawa, akilinganisha na kwao, alimwona amenenepa.

"Walisoma yote, mama?"

"Yote. Walipiga makofi katikati."

"Wapi?"

"Sijui Kiingereza, Mwalimu. Nilimuuliza dada aliyekaa pembeni yangu, hapo wamesema nini? Akasema, hapo ndipo mtoto anakunjiwa gunia."

Kasembe aliegemeza paji la uso kwenye nondo. Alikaa hivyo hata askari akamtazama.

"Na chakula?"

"Hakijaja."

"Siwatu?"

Bi Havijawa alihamishia kombe kiuno cha pili. "Siwatu tulimzika siku ile ulipokamatwa. Sikutaka uambiwe."

Ndani mtu alikuwa akiita majina ya wafungwa, mmoja mmoja.

"Ningeandika vibaya, mama?" Kasembe aliuliza. "Niambie. Ningefanya nini?"

"Ulipokuwa ukiandika vibaya walirudisha. Umeandika vizuri wamepiga makofi. Mimi sijui, Mwalimu. Mimi nimekuja kukuona tu."

Akanyoosha mkono dirishani, akamgusa shavu kama mama anavyomgusa mwanawe, kisha akaenda zake, maana lori la chumvi halingoji mtu.

Kule Lwanzari vyombo vingi vya kupikia vilikuwa vimeuzwa zamani kwa wafanyabiashara wa mjini. Mizizi ya porini ina sumu, haina budi kuchemshwa kutwa nzima na maji kumwagwa na kubadilishwa, nayo inataka chungu kikubwa. Waliliweka kombe juu ya mafiga matatu. Lilipata moto upesi, mikono yake ikayeyuka na kudondoka jivuni, na maji yakawa yanavuja kidogo pale walipochora jina la Mlezi. Bi Havijawa akaziba kwa udongo, akaongeza kuni, akakaa kungoja mizizi ichemke.